Mwimbaji mkongwe: azunguke mikoani au apige sehemu moja?

Juni, baridi ya Arusha ikiwa imekaza, mzee wetu wa bendi alikuja kwangu Ngarenaro amevaa koti na kitambaa shingoni, mkononi ana karatasi mbili. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi. "Mwanangu, nisomee hizi. Halafu uniambie, ungekuwa wewe ungetia sahihi ipi."

Ya kwanza ilikuwa ya ziara: shoo 11 ndani ya siku 16. Babati, Singida, Shinyanga, Mwanza, kisha kurudi kwa njia ya Tabora na Dodoma. Shilingi 250,000 kwa shoo, malazi na chakula juu ya promota. Ya pili ilitoka kwa mwenye ukumbi wa hapa hapa mjini: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kila wiki, mwaka mzima, shilingi 120,000 kwa usiku.

Mzee ana miaka 67 na ameimba dansi tangu ana miaka 19. Mimi nampigia kinanda huu mwaka wa 14, na ndiye ninayeamua kila wimbo tuupige kwenye ufunguo gani, yaani juu au chini kiasi gani, kwa hiyo najua sauti yake inapofika na inapokwama. Naandika haya kwa sababu wazee wengi wa Arusha na Moshi, wa dansi, wa taarabu na wa kwaya, wanaletewa karatasi za namna hii na hakuna anayekaa nao chini kuzipima. Nyumbani wataulizwa pesa ni ngapi. Mimi naomba tuanzie kooni.

Umri unachukua nini

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ndani ya zoloto, lile gegedu la koo linalopanda na kushuka mtu akimeza. Kwa mwanamume zina urefu wa kama milimita 17 hadi 25, kwa mwanamke ni fupi zaidi. Pumzi ikipita zinagongana, na huko kugongana ndiko sauti. Ile noti ya la ambayo wapiga magitaa wanaitumia kutuni ni migongano 440 kwa sekunde moja. Mwanamume akiiimba oktavu moja chini, ni 220. Sasa piga hesabu: saa moja kamili ya sauti kwenye noti hiyo ya chini ni migongano 792,000. Hiyo ni nyama laini inayojipiga yenyewe, na dansi letu linaanza saa tatu usiku linaisha saa nane.

Umri ukienda, misuli iliyo ndani ya nyuzi inakonda. Zikija kukutana hazizibi kabisa, panabaki upenyo katikati na pumzi inavuja humo. Gegedu za zoloto zinakakamaa kuelekea kuwa mfupa. Mbavu hazipanuki kama zamani na mapafu hayabebi kiasi kilekile. Haya yote nayasikia kwa mzee bila kipimo cha daktari. Ubeti aliokuwa akiumaliza kwa pumzi mbili, sasa anaingiza nne. Ule mtetemo wa kumalizia noti ndefu, uliokuwa mwepesi kama uzi wa gitaa, umekuwa mpana na wa taratibu. Kuna wanaosema mzee amekuwa mvivu wa mazoezi. Si kweli, na inaniuma kusikia hivyo, maana anafanya mazoezi kuliko vijana wote wa bendi.

Lakini ninachotaka ukishike hapa ni muda wa kupona. Mwimbaji wa miaka 25 akipaza usiku kucha, nyuzi zinavimba kidogo, analala, mchana anaamka sauti imerudi. Mwili wa miaka 67 nao unatengeneza, ila unadai muda zaidi. Kwa hiyo ukiweka mikataba miwili mezani, kabla hujasoma palipoandikwa malipo, tafuta kalenda uhesabu siku za kimya kati ya shoo na shoo.

Kwa ziara ile, siku 16 kutoa shoo 11 zinabaki siku tano. Na hizo tano zote zilikuwa siku za safari.

Barabarani

Mwaka jana mzee alikubali ziara fupi kuliko hii. Usiku wa nne tulikuwa Singida. Saa kumi jioni, wakati wa kujaribu mitambo, akafungua mdomo kwenye wimbo anaoufungua kila siku, na juu pale pakatoka hewa tupu. Akajaribu tena, ikatoka sauti mbili kwa pamoja, moja ya kukwaruza chini ya nyingine. Promota alisema tiketi zimeshauzwa. Mzee akatia karafuu mdomoni, akatafuna, akaongeza pipi kali ya kifua, maumivu yakapoa, akapanda jukwaani akaimba kwa saa tatu nzima.

Karafuu ina mafuta yenye ganzi, ndiyo maana bibi zetu wanaiweka kwenye jino bovu. Kumbe ganzi hiyo ndiyo iliyomdanganya. Maumivu yalikuwa yanamwambia nyamaza, yeye akayafunga mdomo. Siku iliyofuata hakuweza hata kuitikia salamu. Tuliporudi tukampeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo, wakapitisha kamera nyembamba puani, wakaona kamshipa kadogo ka damu kamepasuka kwenye uzi mmoja. Daktari alimuuliza dawa anazokunywa. Alikuwa anameza aspirini kila akiumwa kichwa, na aspirini inafanya damu isigande upesi. (Kama umeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache kwa kusoma hapa, kamuulize aliyekuandikia.) Alinyamaza wiki tano. Shoo zilizobaki hakulipwa.

Nimefikiri sana kuhusu zile siku nne za kabla ya Singida, na ninaamini sauti haikuumia jukwaani pekee. Iliumia ndani ya gari, ile Noah yetu. Kutoka Arusha hadi Babati ni zaidi ya kilomita 160, madirisha wazi, vumbi la Makuyuni linaingia, na mzee, kwa kuwa ni mzee, ndiye mwenye hadithi. Watu wanataka kusikia enzi za zamani. Ukiongea penye kelele unapaza bila kujua, kila binadamu yuko hivyo, na injini ya gari saa nne mfululizo ni kelele ya kutosha. Alikuwa akishuka kwenye gari ameshaimba nusu shoo.

Juu ya hayo kuna kulala saa kumi alfajiri na kuamka saa moja, na kuna kula. Ziarani chakula kinakuja baada ya shoo: nyama, ndizi, pilipili, bia mbili, kisha moja kwa moja kitandani. Tindikali ya tumbo inapanda usiku hadi kooni, inaunguza zoloto mtu akiwa usingizini. Asubuhi anaamka ana makohozi, anakohoa na kukwangua koo kila dakika, na kule kukwangua nako ni kuzigonga nyuzi.

Jingine la barabarani ni fundi mitambo mgeni kila usiku. Mwimbaji asiyejisikia kwenye spika ya mbele yake huongeza nguvu. Mkongwe ambaye sauti yake ina upenyo wa hewa anaongeza mara mbili, na magitaa nyuma yake hayampunguzii.

Sehemu moja nako kuna mitego

Niliposoma karatasi ya pili moyo wangu ulitulia mara moja. Nyumbani, kitanda chake, mtori wa asubuhi, fundi mitambo yuleyule anayejua aongeze nini na apunguze nini. Nikataka kumwambia asaini hiyo tuishie hapo.

Kisha nikahesabu. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili ni usiku tatu mfululizo, kila wiki, majuma 52. Ziara inaua kwa kishindo, lakini ina mwisho wake. Huu mkataba ungekuwa unamla kidogo kidogo bila tarehe ya kumaliza. Sauti iliyovimba Ijumaa inaimbishwa Jumamosi kabla haijashuka, na Jumapili inaimba juu ya uvimbe wa siku mbili. Hivyo ndivyo nyuzi zinavyoota sugu, kama kiganja cha mtu wa jembe.

Halafu kuna meza. Ziarani, ukimaliza unaingia garini. Ukumbi wa nyumbani una wateja wa kudumu, na mkongwe anatakiwa apite kila meza asalimie, akae kidogo, acheke, awataje wadau kwenye maiki, amshukuru aliyemtuza. Nimemsindikiza mzee usiku mmoja wa namna hiyo na saa mkononi: katika mapumziko ya dakika 40 aliongea dakika 34, spika zikiwa zinapiga muziki wa kujazia na moshi wa nyama choma unaingia kutoka uani. Akarudi jukwaani amechoka kuliko alivyoshuka.

Basi sehemu moja si nyepesi kwa sababu tu ni sehemu moja. Ukiletewa ziara ya shoo tatu kwa wiki, gari zuri, siku mbili za kulala kati ya mji na mji, na ukumbi wa nyumbani wa usiku tano kwa wiki, mimi ningemwambia mzee wangu apande gari.

Wakubwa wa nje wamefanyaje

Wako wawili ambao ni rahisi kuwaweka pamoja, wote wapiga piano, wamepishana miaka miwili kuzaliwa. Elton John, wa 1947, alianza ziara yake ya kuaga mwaka 2018 na kuimaliza Stockholm Julai 2023, zaidi ya shoo 300, katikati ikisimamishwa na janga la korona. Billy Joel, wa 1949, mwaka 2014 alianza kupiga ukumbi mmoja wa New York, Madison Square Garden, mara moja kwa mwezi, akaenda hivyo hadi Julai 2024. Mara moja kwa mwezi! Kwa shoo hizo mashabiki walimfuata yeye, yeye hakuwafuata.

Usidanganyike ukafikiri Elton ni ushahidi kwamba ziara haina shida. Alishafanyiwa upasuaji wa koo Australia mwaka 1987, na tangu hapo sauti yake ikawa nzito, zile noti nyembamba za juu za ujanani akaachana nazo. Na alikuwa akisafiri kwa ndege binafsi. Ukiondoa ndege, madaktari na mafundi wake mwenyewe, ukamweka kwenye Noah ya kwenda Shinyanga, sijui ni shoo ya ngapi angesema basi. Upasuaji wenyewe si wa kuukimbilia. Julie Andrews alipasuliwa mwaka 1997 na sauti yake ile ya kuimba haikurudi.

Anayenipa moyo zaidi ni Leonard Cohen. Alirudi barabarani mwaka 2008 akiwa na miaka 73, akazunguka dunia hadi 2013. Alikuwa anaimba chini kabisa, karibu na kuongea, na waimbaji wengine wakibeba sehemu za juu. Huku kwetu Bi Kidude alisafiri nchi za watu akiwa bibi mzee sana, na hakuna aliyemdai sauti ya binti. Watu walikuja kusikia ule mkwaruzo wake.

Dansi letu lilikuwa na dawa hii tangu zamani. Bendi kama Msondo na Sikinde hazikusimama kwa mwimbaji mmoja, walikuwa kadhaa mbele, wanapokezana, wanaitikiana. Muhidin Gurumo alikuwa NUTA Jazz miaka ya 1960, akastaafu mwaka 2013. Ukisikiliza ule mpangilio utaona kwamba mtu alikuwa anapata kupumua huku mwenzake amebeba ubeti. Tulivyoanza kuweka picha ya mtu mmoja kwenye bango tukamtwika mzigo wa watu wanne.

Kushusha ufunguo

Hili linahusu mikataba yote miwili, na kwa kuwa ndiyo kazi yangu niruhusu nikae nalo kidogo.

Ukishusha wimbo toni nzima, ile la ya 440 inakuwa sol ya 392. Unaokoa migongano 48 kwa kila sekunde ya noti ile, na kubwa zaidi, nyuzi hazivutwi kwa nguvu ileile. Wasikilizaji tisa kati ya kumi hawatajua. Wapiga magitaa ndio watakaonuna, kwa sababu kuna vionjo vinavyokaa vizuri kwenye nyuzi tupu tu za gitaa, zisizobanwa kwa kidole.

Ila mwanamume na mwanamke hawashushi sawa. Mwanamke akishapita umri wa kukoma hedhi, sauti yake kwa kawaida inazama, inapata uzito. Ukimshushia toni moja au hata mbili anakaa pazuri, na chini kule utagundua rangi ambayo ujanani hakuwa nayo. Mama mmoja wa kwaya ya Moshi, Majengo, alikuwa analia kwamba soprano imemkimbia. Tulimhamishia alto, leo watu wanageuka vitini akianza.

Mwanamume ni kinyume. Nyuzi zake zikikonda, sauti ya uzeeni huwa inapanda kidogo na kuwa nyembamba. Nikimshushia mzee toni moja anapumua. Nilipojaribu toni mbili na nusu, beti za chini zilikufa, ikawa hewa zaidi ya sauti, na akaanza kusukuma ili asikike. Nikaongeza madhara nikidhani napunguza. Tumekaa kwenye toni moja, na kiitikio cha juu nimempa kijana.

Pesa, sasa

Ziara: shoo 11 mara 250,000 ni shilingi 2,750,000 kwa siku 16. Ukumbi: usiku 12 kwa wiki nne ni 1,440,000. Mwanzoni ziara inang'aa. Lakini ikitokea ya Singida, ziweke zile wiki tano za kimya juu ya siku 16, ni siku 51. Ukigawa, ziara inampa kama 53,900 kwa siku, ukumbi 51,400. Ndiyo tofauti yenyewe, shilingi 2,500 hivi kwa siku, na bado hujamlipa daktari, na umedhani kwamba promota atalipa shoo zote hata sauti ikikatika. Mwaka jana hakulipa.

Kwa hiyo nisingesaini yoyote kati ya hizo kama zilivyo. Lakini kama ningelazimishwa, ningeuliza maswali tofauti kwa watu tofauti. Mwimbaji ambaye ana kijana wa kumpokea nusu ya nyimbo anaweza ziara, mradi pasiwe na shoo mbili zinazofuatana. Aliyebaki peke yake mbele asithubutu. Mwenye kiungulia, au anayevuta sigara, nyumbani kunamfaa kwa sababu anaweza kula saa kumi na mbili jioni na kulala ameinua kichwa. Yule ambaye hawezi kukataa meza, ambaye akiitwa lazima aende, huyo ukumbi wa nyumbani utammaliza, na afadhali apande gari akalale. Na aliyekwaruza zaidi ya wiki tatu bila nafuu asisaini chochote. Kwanza apigwe kamera kooni. Wa huku Kaskazini tuna hospitali ya KCMC pale Moshi yenye idara ya masikio, pua na koo. Mkwaruzo usioisha unaweza kuwa uchovu, na unaweza kuwa saratani, na kwa kusikiliza tu huwezi kutofautisha.

Tangawizi na asali sizipingi, zinaliwaza. Lakini chochote unachomeza hakigusi nyuzi za sauti, kingezigusa ungepaliwa. Maji yanazifikia kwa kupitia damu, kwa hiyo yaliyo na faida usiku ni yale uliyokunywa tangu asubuhi. Kinachofika moja kwa moja ni mvuke, wa maji matupu kwenye beseni, shuka juu ya kichwa.

Zoezi ambalo nimeona likimsaidia mzee ni la mrija. Unachukua glasi, maji nusu, mrija wa soda, unauzamisha kama upana wa kidole kimoja cha mkono, unapuliza huku unatoa sauti ya "uuu" mapovu yakichemka, unapanda na kushuka polepole kama king'ora cha mbali. Ule upinzani wa maji unarudisha shinikizo nyuma, nyuzi zinakutana bila kupigana. Dakika tano asubuhi, tano kabla ya shoo, tano baada.

Alichofanya

Mzee alisikiliza yote haya, chai ikapoa. Akaomba kalamu. Kwenye karatasi ya ukumbi akaikata Jumamosi, ule usiku wenye watu wengi kuliko zote, na Jumapili akaandika alasiri, saa tisa hadi kumi na mbili. Pembeni akaongeza kwa mwandiko wake mkubwa: mapumziko nyuma ya jukwaa, si mezani. Mwenye ukumbi alilalamika siku nne kabla ya kukubali. Jumamosi wanaimba vijana. Hesabu yake sasa ni 960,000 kwa wiki nne, ni pungufu sana ya alichowekewa mezani, na kodi ya nyumba haijashuka. Mtoto wake mkubwa anachangia.

Promota wa ziara alirudishiwa jibu: shoo tano kwa siku 16, waimbaji wawili, gari la kufunga madirisha. Bado hajajibu.

Jumamosi iliyopita nilipita kwake saa kumi jioni. Alikuwa barazani, glasi na mrija kwenye stuli. Nikamwamkia. Akaweka kidole midomoni pake, akanionyesha kiti, akatoa ubao wa drafti chini ya meza. Tulicheza hadi jua likazama, hakutoa neno hata moja, na alinifunga mara tatu.